Mama ameachwa kwa karatasi ya daftari. Msikitini ameachika, serikalini bado ni mke. Tushike lipi?

Binti Kolo

Shikamooni wakubwa wa jukwaa hili, na wenzangu hamjambo. Naishi Dodoma mjini, ila jambo lenyewe liko kwetu Kondoa. Nimelileta humu kwa sababu najua mna watu wa mahakama na mna masheikh, na kwa sababu nyumbani kila ninayemuuliza ananijibu kwa kufoka.

Mama aliolewa mwaka 1984 akiwa na miaka 16. Sheria ilikubali, babu alikubali, yeye hakuulizwa. Mahari ilikuwa ng'ombe watatu. Wawili wakafika, wa tatu akabaki ahadi. Huyo wa tatu tumekua naye kama ndugu yetu. Baba akichelewa kurudi mnadani, mama alikuwa akituambia, "Kaenda kunitafutia ng'ombe wangu."

Wakajenga. Tofali za kuchoma, na aliyekanyaga udongo ni mama, mimi nikiwa tumboni. Wakapata shamba la alizeti, baadaye mashine ya kusaga. Mwaka 2011 baba akaoa mke wa pili. Mama hakupiga kelele, hata pilau ya siku ile alisimamia yeye.

Mwaka jana baada ya mavuno kikaja kipande cha karatasi ya daftari, kimekatwa kwa rula vizuri kabisa. Mwandiko si wa baba. Kinasema fulani amemwacha mkewe fulani talaka moja, mashahidi fulani na fulani, chini dole gumba. Kesho yake mama akaambiwa apishe, mke mdogo anahamia nyumba kubwa. Akafunga kanga zake kwenye shuka akaenda kwa mjomba.

Mama ni mtu wa dini. Akakaa eda kwa mjomba miezi mitatu, hatoki isipokuwa kwa dharura, hajipambi. Eda ikaisha, baba hakurejea. Sheikh wa msikiti akasema imekwisha, huyu sasa ni mwanamke huru. Kweli haikupita wiki tatu, mgane mmoja wa kijiji cha pili akatuma mshenga. Mama ana miaka 57, wanajamvi. Tulicheka mpaka tukalia.

Shida ikaanzia kwa kaka yangu. Yeye alikwenda kata kulalamikia nyumba. Wakamwambia mambo mawili ambayo mpaka leo mama hataki kuyasikia: kwamba wao hawagawi mali ya ndoa, na kwamba kwa sheria ya nchi mama bado ni mke wa baba. Aende kwanza baraza la usuluhishi, wapatanishwe, ikishindikana ndipo mahakamani. Mama akamjibu kaka, "Mnataka nikae chumba kimoja na mwanamume ambaye si mume wangu, tupatanishwe nini?"

Sasa niambieni. Nani mwenye neno la mwisho hapa? Mama akimkubali yule mgane, atakuwa ameolewa au atakuwa na waume wawili? Na nyumba je?

Nina swali jingine, la siasa. Baba yangu tangu mimi binti mdogo ni mtu wa kusema "tukipata Mahakama ya Kadhi haya yote yatakwisha". Kila uchaguzi nalisikia neno hilo. Ningependa kujua kwa dhati, Kadhi angekuwepo, mama angepona?

Kibonge wa Ubungo

Pole dada. Mimi ningeanza na mashine ya kusaga, dini baadaye. Mashine inaingiza hela kila siku wakati nyie mnajadili.

Binti Kolo

Kibonge, mashine tayari imefungwa kufuli jipya. Umechelewa.

Karani Mstaafu

Marahaba binti. Nilikaa masijala ya mahakama ya mwanzo miaka 29, mikoa mitatu tofauti. Jalada kama la mama yako nimelifungua mara nyingi sana, kwa hiyo nisome polepole.

Sheria inayowabana ni Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo kwa Tanzania Bara. Waliitunga makusudi ili pawe na sheria moja juu ya dini zote na mila zote. Ndoa unaweza kuifungisha msikitini, kanisani, kimila au bomani, zote ni ndoa halali. Mlango wa kuingilia ni mwingi, wa kutokea ni mmoja: mahakama. Kwa jambo lolote ambalo sheria hii imelisemea, sheria ya Kiislamu na ya mila hazitumiki. Kwa hiyo kata hawakuwadanganya. Mama yako serikalini bado ni mke, na kifungu cha 15 kinamkataza mwanamke mwenye ndoa kufunga nyingine. Yule mgane asubiri. Akifunga naye leo, ndoa hiyo ni batili hata kama walima imeliwa.

Lakini usidhani waliotunga walisahau talaka ya Kiislamu. Kifungu cha 107 kina kijisehemu kinachosema hivi kwa maneno yangu: ikithibitika kuwa ndoa ilifungwa Kiislamu, na Baraza la Usuluhishi limethibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa dini lingevunja ndoa, basi mahakama itaona ndoa imevunjika na itatoa talaka. Hilo "baada ya hapo" ndilo limewaangusha wengi. Karatasi ya baba yako ilitangulia baraza. Njia ya mkato haipo kwenu. Itabidi mahakama isikilize ushahidi wa kawaida kwamba ndoa haitengenezeki tena. Ushahidi huo mnao, na kufuli jipya nalo limo.

Nendeni barazani (kifungu cha 101 ndicho kinacholazimisha), mchukue hati ya kushindikana, mfungue shauri la talaka. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka hayo, msidanganywe kwenda mbali. Halafu sikiliza hili kuliko yote. Mgawanyo wa mali uko kifungu cha 114, na mahakama inaugusa pale tu inapotoa talaka au kutenganisha, ama baada ya kutoa. Bila talaka ya mahakama hakuna mgawo. Mama akishikilia kuwa ameshaachika na haendi barazani, anayefaidika ni baba.

Atajibiwa kuwa mashine na shamba ni jasho la mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, akiwemo Jaji Mkuu Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ndoa ya Kiislamu vilevile. Mahakama za chini Bi Hawa alikuwa ameonekana ni mke tu, nyumba ni hela ya mume. Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa walikuta mumewe alishampa fedha naye akazitapanya. Ila wanawake waliokuja nyuma yake wanakula kwa kesi ile. Na mama yako kakanyaga udongo. Andikeni hesabu ya tofali.

La siasa nitalisema kidogo. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ili watu wajadili, nilikuwa mtoto wa shule nakumbuka wazee walivyozozana barazani kwa habari ya mke wa kwanza kuulizwa. Na jambo wasilolijua wengi, sehemu kubwa ya sheria yetu ilichorwa Nairobi. Kenya iliunda tume chini ya Jaji Spry mwaka 1967, ikatoa rasimu nzuri, Bunge lao likaikataa zaidi ya mara moja. Sisi tukaichukua tukaivaa.

Ustadh wa Tandika

Assalaam alaykum. Karani ameeleza vizuri upande wake. Mimi nafundisha madrasa, sina cheo, ila kuna mambo yamepita hapa bila kusemwa.

Binti Kolo, talaka moja ni talaka rejea. Ndani ya eda yake mke haondoki nyumbani, anakaa humohumo, anakula nafaka ya mume, yaani matunzo yake, na mume hana ruhusa ya kumtoa. Sura ya At-Talaq, aya ya kwanza kabisa, inakataza kuwatoa majumbani mwao ila wakileta uchafu ulio wazi. Hekima yake ni kwamba wakionana asubuhi na jioni huenda mioyo ikalainika. Kwa hiyo baba yako aliposema "pishe", hakufuata dini, alifuata matamanio ya nyumba kubwa. Na huyo sheikh aliyesema "imekwisha" alitakiwa kufungua mdomo siku ile ya kwanza. Nyinyi mnaidai dini pamoja na kuidai mahakama: nafaka ya miezi mitatu, kitoka nyumba (kile anachopewa mke aliyeachwa), na huyo ng'ombe wa tatu. Mahari iliyoahirishwa ni deni. Haifi kwa kuzoeleka wala kwa kufanyiwa utani.

Sasa Karani nikuulize wewe. Mama huyu eda imekwisha bila kurejewa. Kwa fiqhi, yaani sheria ya dini yetu, si mkewe tena mpaka ndoa mpya. Kifungu chako kinataka tendo la talaka lije baada ya baraza. Atampa talaka gani mwanamke asiye mkewe? Unaona sheria ilivyoandikwa na mtu aliyeisikia dini kwa mbali? Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Tunapotaka Mahakama ya Kadhi hatutaki kukata mikono ya watu, tunataka hakimu anayejua eda ni nini.

Makadhi walikuwepo Bara mpaka mfumo wa mahakama ulipobadilishwa 1963. Ilani ya CCM ya 2005 ikataja kulipatia ufumbuzi suala la Kadhi, kura zetu zikachukuliwa. Tukangoja miaka kumi. Mwanzoni mwa 2015 mswada ukafika Bungeni, maaskofu wakasimama, ukaondolewa. Wakati uleule Jukwaa la Wakristo likawaambia waumini wapige kura ya hapana kwa Katiba Inayopendekezwa, na Kadhi ikiwa moja ya sababu. Kura yenyewe haikupigwa mpaka leo. Na ajabu ni kuwa Sheria ya Ndoa inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza ya usuluhishi yanayotambuliwa na serikali, yetu na ya makanisa. Kusuluhisha tunaaminiwa. Kuamua, hapana.

Karani Mstaafu

Ustadh, hilo swali la talaka baada ya eda mahakimu wamelizungukia sana na sina jibu la kukupendeza. Nilichokiona kwa macho ni kwamba hakimu mwenye akili hakikimbilii kile kijisehemu. Anatazama ndoa imevunjika au haijavunjika, anaandika talaka, basi. Mume wa kumwita mkewe "yule mama" mbele ya hakimu amekwisha kutoa ushahidi.

Mwana wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma yote. Nataka nimjibu dada lile swali lake la mwisho, maana sisi huku Kadhi tunaye.

Tunaye tangu zamani za mwambao. Mwaka 1963, kabla ya uhuru, Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar waliandikiana kuhusu ile maili kumi ya pwani iliyokuwa ya Sultani, na makadhi ikawa ni katika yaliyoahidiwa kulindwa. Katiba ya 2010 ikawaweka kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi, hadhi ya mtu, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Msidhani ilipita kwa urahisi. Makanisa yalikuwa mstari wa mbele kwenye kampeni ya kukataa katiba ile, na Kadhi ilikuwa kwenye orodha yao ya malalamiko. Tarehe 4 Agosti tukapiga kura, ikapita.

Kwa Kadhi, dada, mama yako asingekuwa na hii shida ya nusu mke. Angepewa cheti cha talaka, nafaka ya eda ingedaiwa, na ng'ombe angetajwa siku ya kwanza. Hilo ni kweli na ndugu yangu Ustadh ana haki.

Lakini nyumba? Dadangu mimi aliachwa baada ya miaka ishirini na mbili. Alikuwa akiuza viazi karai na mahamri mlangoni, hela zote zikienda kwenye nyumba ile ile. Alipata mahari yake iliyobaki, alipata nafaka, alipata kiliwazo. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume na ikabaki kwa jina la mume. Sheria yetu ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema Muislamu anaweza kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Wako makadhi wanaotazama jasho la mwanamke kama ushirika, na hiyo ni hoja ya kifiqhi kabisa, wako wasiotazama. Inategemea umeangukia kwa nani. Huyo Bi Hawa wenu wa 1983 ningemtamani.

Na hii habari ya siasa na dini msiitazame kama Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Mwezi Machi 2014 Bunge letu lilijadili Sheria ya Ndoa. Kulikuwa na kipengele cha mke wa kwanza kujulishwa mume akitaka kuoa tena. Wabunge wanaume wakakiondoa, wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Makanisa yakamwomba Rais asitie sahihi, akatia. Siku hiyo wanaume wa dini zote walipiga kura kama ndugu wa tumbo moja. Udini ulilala kidogo, ukaamka siku ya pili.

Mtu wa Mkunazini

Niongeze tone. Hiyo sheria ya 1971 haivuki maji. Zanzibar tuna Kadhi wetu kwa sheria yetu. Kwa hiyo ndani ya Muungano mmoja, mwanamke akiachwa Kondoa na mwenzake akiachwa Kizimkazi, kwa talaka ileile neno kwa neno, mmoja ameachika na mwingine bado. Miaka yote hii sijasikia mwanasiasa akilisema hivyo jukwaani.

Mama Kemi

Mimi ni Mkatoliki, Bukoba. Nimeona mnaongea kana kwamba kuwa nusu ndani nusu nje ni mambo ya Waislamu peke yao.

Mimi nina talaka ya mahakama tangu 2017, ina muhuri. Nikaolewa tena bomani mbele ya mkuu wa wilaya, mume mwema, hanywi, hapigi. Serikali inanitambua mia kwa mia. Kanisa linasema mume wangu ni yule wa kwanza aliyenivunja jino. Naenda misa kila Jumapili, naketi benchi la nyuma, wenzangu wakisimama kwenda kukomunika mimi nainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Watoto walinizoea, sasa ananiuliza mjukuu: bibi unatafuta nini kila siku?

Paroko aliniambia kuwa mwaka 2015 Papa Francis alirahisisha mwendo wa kuomba ndoa itamkwe batili, nijaribu mahakama ya kanisa ya jimbo. Nilianza. Wanataka mashahidi wa jinsi nilivyokubali mwaka 1996, na wengi wao wako makaburini.

Kwa hiyo Binti Kolo, mama yako kwa Mungu ameachika, kwa serikali hajaachika. Mimi kinyume chake. Tungekaa benchi moja. Mwambie aende barazani, miguu haitakatika.

Binti Kolo

Mama Kemi, nimemsomea mama maneno yako kwenye simu. Amenyamaza kidogo kisha akauliza, "Huyo mwenzangu jino lenyewe aliweka la bandia?" Mjibu ukipata nafasi.

Karani, kuna kitu kimoja hukukigusa na mimi kinaniuma kuliko tofali. Mama aliolewa na miaka 16. Nilikuwa chuo mwaka 2016 Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya 13 na 17, vile vya binti kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Badala yake ikakata rufaa, na moja ya hoja zake ikawa kwamba tofauti ile ya umri iliwekwa ili kuheshimu mila na dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa. Na miaka kadhaa baadaye bado tulikuwa tunaambiwa kwamba yanakusanywa maoni ya viongozi wa dini. Maoni gani? Kumtoa mama nyumbani ndani ya eda ni kinyume na aya, Ustadh kalisema hapa kwa dakika mbili, na hakuna kiongozi wa dini aliyeitisha waandishi wa habari. Ila umri wa binti kuolewa ukiguswa, wote wana maoni.

Samahani kwa ukali. Nilikuwa nimefunga.

Ustadh wa Tandika

Hujakosea, binti. Na mimi nina mabinti.

Binti Kolo

Nimerudi na habari, wiki tano baadaye.

Mama alikubali kwenda, si kwa sababu yangu wala ya Karani. Ni Ustadh. Nilimwambia kuna mwalimu wa madrasa Dar es Salaam anasema ng'ombe wa tatu ni deni na halijafa. Akakaa wima. Akasema kama ni kwenda kudai deni, hiyo si kupatanishwa, hiyo ni haki, nitakwenda.

Tukaenda baraza la dini, lile linalotambuliwa. Wajumbe wanne na mwenyekiti, mmoja wao mwanamke. Mama aliomba kukaa upande wa mlangoni, na shungi lake kavuta mbele, maana kwake yule ni mwanamume wa nje. Mwenyekiti akamwelewa. Baba alikuja na kanzu aliyoshonewa na mama Idi ya mwaka juzi, sijui hakujua au alijua.

Mwenyekiti akaanza kama inavyotakiwa, je, mna nia ya kurudiana. Baba akasema yeye hana neno baya na "yule mama". Karani, nilikukumbuka nikajifinya ili nisicheke.

Kisha yule mjumbe mwanamke akauliza kuhusu mahari. Baba akacheka, akasema hayo ni mambo ya utani wa nyumbani. Mjumbe hakucheka. Akauliza tena: mlimlipa au hamkumlipa? Kimya. Baba akatazama dari. Nyumba yetu ile ina dari ya ubao, mama aliiuzia kuku wake wote ili ipigwe, na ghafla nikaona kama na yeye anaikumbuka, ingawa tulikuwa jengo jingine. Akasema hajalipa.

Mama akazungumza mara moja tu. Alitaja tanuru mbili za tofali, ya kwanza iliyeyuka kwa mvua ya ghafla wakaanza upya. Alitaja debe za maji kutoka korongoni, na aliyemsaidia kuzibeba, jirani ambaye yu hai na yuko tayari kuja kusema. Alitaja mwaka waliouza alizeti wakalipa nusu ya mashine. Baba hakupinga hata moja. Alichokipinga ni jambo dogo sana, kwamba mvua ile haikuwa ya Januari, ilikuwa ya Desemba. Mama akamwambia, "Desemba, ndiyo. Umenikumbusha." Mwenyekiti akaandika.

Hati ya kushindwa kupatanishwa tumepewa. Shauri la talaka tumelifungua Mahakama ya Mwanzo Jumatatu hii, na tumeomba na mgawanyo humohumo kama Karani alivyoelekeza. Jirani wa debe ni shahidi namba moja. Ng'ombe bado, baba anataka kutoa ndama, mjomba anasema aliyeahidiwa mwaka 1984 alikuwa mkubwa.

Yule mgane ameambiwa asubiri muhuri. Akasema hana haraka, ametuma gunia la mahindi mabichi.

Mama ana swali moja nimeshindwa kumjibu. Anauliza, mahakamani akiitwa kwa jina, aitike kama mke wa baba au kama nani? Na la pili, kama wanaruhusu kuingia na kanga.

Karani Mstaafu

Karatasi zitamwita mdai. Aitike jina alilopewa na wazazi wake. Kanga ruksa, viatu avae, simu izimwe mapema maana hakimu wa huko kwenu namfahamu kwa sifa. Na mwambie jirani wa debe afike saa mbili kamili, shahidi akichelewa ndiyo mnaahirishiwa mpaka baada ya mavuno.